Risasi za Sarajevo pekee hazikuleta vita vya 1914

RISASI mbili zilizofyatuliwa mjini Sarajevo mnamo Juni 28, 1914 zilimuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungary, pamoja na mkewe, Sophie. Aliyewaua, Gavrilo Princip, alikuwa kijana wa miaka 19. Hata hivyo, vita vikuu havikuzuka siku hiyo. Siku 37 zilipita kabla ya Uingereza kujitosa uwanjani.

Je, mauaji ya watu wawili yaligeukaje kuwa vita vilivyoangamiza mamilioni?

Chanzo kimoja ni miungano. Ujerumani ilikuwa imefungamana na Austria-Hungary, nayo Urusi na Ufaransa. Mapema Julai, Ujerumani iliahidi kumuunga mkono mshirika wake, liwe liwalo. Kwa kutegemea ahadi hiyo, Austria-Hungary, iliyoilaumu Serbia kwa mauaji hayo, iliipa makataa ya saa 48 hapo Julai 23. Serbia ilikubali masharti mengi, si yote. Julai 28 ikatangaziwa vita.

Chanzo kingine ni mipango ya kijeshi. Urusi, mtetezi wa Serbia, iliamuru majeshi yake yote yakusanywe Julai 30. Mpango wa Ujerumani, nao, ulitaka Ufaransa ishindwe kwa takriban wiki sita, kabla ya Urusi kuwa tayari. Hivyo, machoni pa majenerali, kila siku ya mazungumzo ilikuwa siku iliyopotea. Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Urusi Agosti 1 na Ufaransa Agosti 3. Kesho yake iliivamia Ubelgiji, ambayo Uingereza iliahidi kuilinda katika mkataba wa 1839.

Kila serikali ilidai kuwa inajitetea. Kusubiri kulionekana kuwa hatari kuliko kupigana.

Kwa kuwa madola hayo yalitawala makoloni, moto huo haukukawia kufika Afrika Mashariki. Agosti 15, majeshi ya Ujerumani yaliteka Taveta. Kufikia mwisho wa vita, makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika walikuwa wamefariki, wengi wao kwa maradhi. Majina ya Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam yanatokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika siku zile 37, hakuna mpagazi hata mmoja aliyeulizwa kauli yake.