Kufunga Dishi Mwenyewe Luzira
Nyumba ya likizo Luzira isikukoseshe Kiswahili, lugha ambayo wanafunzi wetu wengi hawaisikii nyumbani. Azam TV, iliyoanza Tanzania mwaka 2013, hurushwa na setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki. Kampala iko karibu nyuzi 33 mashariki. Kwa hiyo dishi huelekea magharibi, likiinuliwa kiasi cha nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Hakikisha mti hauzibi upande huo. Simamisha nguzo wima kabisa, unganisha waya na king'amuzi, kisha sogeza dishi polepole huku mwenzako akisoma kipimo cha mawimbi kwenye televisheni. Kikipanda, kaza nati. Mnapofunga nyumba, chomoeni nyaya zote, kwani radi za Ziwa Viktoria huunguza king'amuzi.