Punje Iliyo Chini ya Ubongo

Mtu akianguka kutoka juu ya mnazi, au akirushwa na pikipiki kichwa kikapiga lami bila ya kofia, jamaa zake wamkutao kitandani hana habari ya dunia huuliza juu ya fuvu na damu. Aghalabu hawaulizi juu ya tezi iitwayo pituitari, ndogo kama punje ya njegere, iliyoning'inia kwa kikonyo chembamba ndani ya kishimo cha mfupa ambacho matabibu wa kale walikifananisha na tandiko la farasi la Kituruki.

Tezi hiyo ni mfano wa liwali: yeye hutoa amri, na maakida wake, yaani tezi ya shingoni, mbili zilizokaa juu ya figo, na zile za uzazi, hutekeleza kwa kumimina homoni katika damu. Pigo zito likitikisa ubongo, kikonyo huvutika na mishipa yake ya damu huziba au hukatika, hata amri zikakoma. Jambo hili liliandikwa katika jarida la Kijerumani tangu mwaka 1918. Siku za mwanzo adrenalini hufurika, na kadiri izidivyo ndivyo hatari ya mauti izidivyo, ilhali homoni za shingoni na za uzazi hushuka. Kotisoli, itokayo juu ya figo, yapasa ipande. Isipopanda, msukumo wa damu huanguka, na ubongo uliojeruhiwa hukosa hata kile kidogo uliokuwa ukikipata. Wengine hukojoa maji matupu mchana kutwa mpaka chumvi ikazidi katika damu.

Je, si rahisi basi kumpa kila majeruhi dawa za jamii ya kotisoli? Ndivyo walivyoona matabibu kwa miaka zaidi ya 30, wakitumai pia kupunguza uvimbe wa ubongo, mpaka jaribio lililoitwa CRASH lilipowakusanya majeruhi 10,008. Lilikusudiwa kufika 20,000, likasimamishwa njiani, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2004: kabla ya wiki mbili kwisha, katika kila mia waliopewa dawa walikufa 21, na katika kila mia wasiopewa walikufa 18. Rehema iliyodhaniwa ilikuwa ikiua. Projesteroni nayo, ambayo ni homoni ya uzazi, katika majaribio mawili makubwa yaliyotangazwa mwaka 2014, haikumfaa mtu. Homoni hupewa aliyepimwa akaonekana amepungukiwa.

Na upungufu huo waweza kujitokeza miezi mingi baadaye, mtu akisharejea nyumbani: uchovu usiokwisha, baridi mwilini, hedhi kukatika, hamu ya unyumba kutoweka, na majirani wakamwita mvivu, au wakanong'ona habari za mashetani. Aliye na jamaa wa namna hii na amwombe tabibu apime damu yake asubuhi mapema, saa ambayo kotisoli huwa juu.