Vilima vya Mchanga vya St Lucia: Kazi kwa Nani, na kwa Miaka Mingapi?



Katika ukurasa huu wa nchi jirani tumezoea kuzungumza habari za viwanda, bandari na mashamba. Safari hii tunakwenda ufukoni, kusini mwa mpaka wa Msumbiji, katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika ya Kusini. Huko kuna pwani ya mchanga yenye urefu wa kilomita 220 hivi, na nyuma yake vilima vya mchanga vilivyofunikwa na msitu. Baadhi ya vilima hivyo hupita mita 150 kwenda juu. Leo mahali hapo huitwa Hifadhi ya iSimangaliso, na sehemu yake, St Lucia, ililindwa kisheria tangu mwaka 1895.

Chama cha wafanyakazi kinahusikaje na mchanga? Kinahusika kwa sababu ndani yake mna madini: titani, inayotengenezea rangi nyeupe, na zirkoni, inayotumika katika vigae. Mwaka 1977 kampuni ya Richards Bay Minerals ilianza kuchimba vilima vya namna hiyo upande wa kusini. Huchimbwa bwawa ndani ya kilima, chombo huelea humo kikifyonza mchanga, madini mazito hutolewa, na mchanga uliobaki humwagwa nyuma na kupandwa miti.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ilitaka kuingia St Lucia. Ikaahidi kazi. Tusiwabeze waliozitamani kazi hizo. Wilaya ile ilikuwa ya watu maskini, na utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa umewafungia milango mingi. Lakini watu wapatao 300,000 walitia saini kupinga. Mwaka 1993 jopo chini ya Jaji Ramon Leon lilishauri uchimbaji usiruhusiwe, na mwaka 1996 Baraza la Mawaziri la serikali mpya likakataa. Mwaka 1999 eneo hilo likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sababu zinaeleweka hata kwa sisi tulioishia shule ya msingi. Mizizi hushika mchanga usipeperushwe. Mvua huzama mchangani, kisha maji hutoka polepole chini na kulilisha ziwa wakati wa ukame. Kasa aina ya noa na duvi hupanda ufukoni usiku kutaga, na wamekuwa wakihesabiwa tangu mwaka 1963. Miti hupandwa tena, ni kweli, lakini msitu mkongwe haurudi katika umri wa mtu mmoja, wala kazi ya mgodi haidumu baada ya madini kwisha.

Hata hivyo tusisimame hapo. Kabla ya hayo yote, watu wa Bhangazi walikuwa wameondolewa katika ardhi hiyo. Mwaka 1999 madai yao yalimalizwa kwa fidia, na ardhi ikabaki hifadhi. Kwa hiyo mgodi ukikataliwa, deni halijalipwa. Hifadhi ikipata wageni, ni nani anayeajiriwa kuwa askari wa wanyama, kiongozi wa wageni, mpishi? Ameajiriwa kwa mkataba, au ni kibarua wa msimu? Msitu uliookolewa huku mwenyeji akibaki nje ya uzio haujamsaidia mfanyakazi.

Ndugu wanachama, miradi ya namna hii huja kwetu pia, ya mchanga, ya mahoteli, ya hifadhi. Kila tawi linalofikiwa na mradi liulize mambo matatu: Kazi ni ngapi na za miaka mingapi? Nani wataajiriwa, na kwa masharti gani? Kazi ikiisha, ardhi na maji vitabaki katika hali gani? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya mkutano wa wanachama, na yafanyiwe hivyo kabla ya mkataba kutiwa saini. Baada ya saini, kinachobaki kwetu ni kulalamika.