Kuzamia Baharini kwa Mzazi na Kijana Wanaorudi Upareni

Chupa tupu ya maji iliyofungwa barabara kule Chome, juu katika Milima ya Upare, ikifika Tanga huwa imebonyea ubavuni kana kwamba mtu ameikalia. Hakuna aliyeigusa. Hewa ya pwani ina mgandamizo mkubwa kuliko ya mlimani, na imekuwa ikiibana njia nzima, kuanzia Same, Hedaru na Mombo hadi Segera. Ikifungwa Tanga kisha ikapandishwa Chome, mambo hugeuka: hutuna, na ukifungua kifuniko husikia hewa ikitoka kwa mlio mdogo. Mzazi wa Same anayetaka kumpeleka kijana wake kuzamia kwa siku chache aitazame chupa hiyo kabla hajalipia boti, kwa sababu jambo lilo hilo linaihusu damu ya mzamiaji anayerudi nyumbani.

Matangazo ya safari za kuzamia huandikwa kwa ajili ya mgeni anayelala ufukweni. Hutaja matumbawe, kasa, chakula cha mchana na bei, na onyo lake kuhusu mwinuko huishia kwenye ndege: usipande ndege mara baada ya kuzamia. Mpare wa Same anasoma, anaona halimhusu, kwani yeye anarudi kwa basi. Lakini mwili haujui kama umepandishwa na rubani au na dereva. Unachohisi ni kupungua kwa mgandamizo wa hewa, na mji wa Same uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa imepungua mgandamizo kwa karibu asilimia 10. Vijiji vya milimani viko juu zaidi ya hapo, na kilele cha Shengena katika msitu wa Chome kinafika mita 2,462.

Mzamiaji hupumua hewa ya kawaida iliyoshindiliwa mtungini, na sehemu kubwa ya hewa hiyo, asilimia 78 hivi, ni naitrojeni. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwa hiyo kwenye mita 10 mgandamizo umekuwa mara mbili, na kwenye mita 20 mara tatu. Kadiri unavyoongezeka, ndivyo naitrojeni inavyozidi kuyeyuka katika damu, mafuta na misuli. Huko chini haifanyi mapovu. Hatari ni pale mgandamizo unapopungua haraka kuliko mapafu yanavyoweza kuitoa, ikageuka mapovu ndani ya mishipa na viungo. Mwanafiziolojia wa Uingereza John Scott Haldane ndiye aliyetoa majedwali ya kwanza ya kupanda juu kwa usalama, mwaka 1908, baada ya majaribio ya mbuzi waliowekwa katika chumba cha mgandamizo. Kompyuta ndogo anayovaa mzamiaji wa leo mkononi bado inapiga hesabu ya aina ile ile.

Mzamiaji anapotoka majini hajamaliza kuitoa naitrojeni yote. Ndiyo maana shirika la usalama wa wazamiaji DAN linashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja tu, na angalau saa 18 kwa aliyezama mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, kabla ya kupanda ndege. Ushauri huo umepimwa kwa miinuko ya kati ya mita 600 na 2,400 hivi. Same imo ndani ya kipimo hicho, na Mbaga, Suji, Vudee, Usangi na Ugweno pia zimo. Kwa kijana, saa 24 ndicho kiwango cha busara, kwa kuwa takwimu nyingi zilizojenga kanuni hizi zilitokana na miili ya watu wazima.

Kwa hiyo safari ya mtu wa Same huanza kupangwa kutoka mwisho wake. Swali la kwanza kwa mwenye boti liwe: mzamo wa mwisho unakwisha saa ngapi, siku gani? Tuseme unakwisha Ijumaa saa 5 asubuhi. Saa 24 zinatimia Jumamosi saa 5 asubuhi, na familia inaweza kuondoka Tanga wakati huo ikafika Same kabla ya giza, kwa kuwa ni mwendo wa kama kilomita 250. Mzamo wa mwisho ukiwa Jumamosi alasiri na shule inafunguliwa Jumatatu asubuhi, hesabu inabana. Hapo ndipo watu hujidanganya kwamba basi linapanda taratibu, hivyo hakuna neno. Ni kweli barabara ya Korogwe na Mombo hainyanyuki ghafla, lakini saa chache za basi haziwezi kushika nafasi ya usiku mzima wa kupumzika pwani.

Walio katika hatari zaidi pengine ni wanaokuja kutoka mbali. Kila Desemba familia za Kipare zilizoko Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au London hurudi milimani kwa Krismasi na mwaka mpya, na nyingine hupitia Unguja kwanza ili watoto wafurahie bahari. Wanazamia siku 2, wanapanda ndege hadi uwanja wa Kilimanjaro (KIA), kisha gari linawapandisha moja kwa moja Usangi kwa bibi. Hapo kuna miinuko miwili kwa mkupuo, kwa sababu ndani ya ndege kubwa mgandamizo unaweza kushuka hadi kulingana na ule wa mita 2,400. Dawa yake haina gharama: geuza ratiba. Nendeni kwa bibi kwanza, pandeni Shengena, tembeleeni Mkomazi, kisha mshuke baharini. Anayetoka mlimani kwenda pwani hahitaji kusubiri chochote kwa ajili ya naitrojeni.

Baada ya saa, umri. Katika mfumo wa mafunzo ya kuzamia wa PADI, ambao ndio mzazi atakutana nao sana katika vituo vya pwani ya Afrika Mashariki, mtoto wa miaka 10 anaweza kupata cheti cha vijana. Wa miaka 10 na 11 haruhusiwi kupita mita 12. Wa miaka 12 hadi 14 mwenye cheti cha kwanza anaishia mita 18, akiwa pamoja na mtu mzima mwenye cheti. Kuanzia miaka 15 anahesabiwa sawa na mtu mzima, ingawa mzazi bado anatia saini hadi afikishe 18.

Mipaka hiyo ndiyo inayopaswa kuchagua chombo. Boti za kulala baharini, zinazozunguka siku 3 au 4 kwenye kuta za matumbawe, huuza mizamo 3 au zaidi kwa siku, na bei yake imejengwa juu ya mizamo yote hiyo. Kijana wa miaka 13 atabaki sitahani akiwatazama wengine wakiteremka mita 30, na mzazi ama anabaki naye ama anamwacha. Fedha za wawili zimelipwa, raha ya mmoja imepungua. Kwa jozi ya namna hii, kulala nchi kavu na kutoka na boti ya asubuhi, mizamo 2 kwa siku, ni chaguo bora karibu kila mara. Kijana akifikisha 15 na kupata cheti cha pili, boti ya kulala inaanza kuwa na maana.

Kwa anayetoka Same, Pangani ndiyo iliyo karibu na yenye upole. Boti hutoka Pangani au Ushongo kwenda Maziwe, hifadhi ndogo ya bahari yenye fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Miti ikaisha, mchanga ukahama, na kasa wanaoendelea kutaga hapo huhitaji msaada wa watu, ambao huhamishia mayai ufukweni Ushongo yasije yakazama. Matumbawe yaliyozunguka fungu hilo hayahitaji kina kikubwa, na mwenye ukomo wa mita 18 hapungukiwi na kitu.

Pemba ni habari nyingine. Mlango wa bahari unaoitenganisha na bara una kina cha mamia ya mita, na kuta zake zinateremka wima kutoka kwenye miamba ya juu. Ni uzuri wa kipekee kwa anayejua kuelea bila kugusa chochote, lakini mikondo yake ina nguvu, na mgeni wa mizamo michache akipitiliza kina chake haoni sakafu ya kumwambia amepita. Mafia, yenye hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, ina Ghuba ya Chole iliyokingwa vizuri, na kati ya Oktoba na Machi papa potwe huja karibu na Kilindoni. Shida ni njia: kutoka Same hadi Dar es Salaam, kisha ndege au kivuko cha Nyamisati, siku mbili za likizo fupi zinaliwa barabarani kwenda tu. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, hakiruhusu kuzamia kwa mtungi kabisa. Hapo ni kuogelea juu kwa miwani na mrija.

Tanga yenyewe inastahili neno zaidi. Kando ya mji huo iko Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa sababu ya samaki aliyedhaniwa kuwa alitoweka pamoja na dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Katika miaka ya 2000 wavuvi wa Kigombe na Mwarongo walianza kumnasa katika majarife waliyotega kwenye kina kirefu kuwinda papa. Kijana asiahidiwe kumwona, maana huyo huishi kina cha mita 100 na zaidi. Inatosha kumwambia kwamba mteremko unaoanzia chini ya mapezi yake unaelekea kwa samaki huyo. Mzazi naye ajue kwamba ukanda huu uliumizwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, na vipo vipande vya mwamba vilivyobaki kifusi. Msako wa serikali wa miaka ya 2010 uliupunguza sana, na matumbawe machanga yanaonekana juu ya kifusi hicho. Mtoto akiona vyote viwili katika mzamo mmoja, amesoma sayansi ambayo hakuna ubao wa darasani unaoweza kuionyesha.

Kalenda ya shule inatoa nafasi mbili kubwa, Juni na Desemba. Juni kusi limeshika, bahari ya nje inachafuka, na kijana atapata kichefuchefu kabla ya kuvaa mtungi. Desemba ni afadhali, kaskazi linapoanza kuvuma na maji kuwa na mwanga. Ndani ya Desemba yenyewe, chagua tarehe kwa mwezi wa angani. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, mikondo inakaza na mchanga unavurugika. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ndizo za kumpeleka mwanafunzi. Nahodha yeyote wa Pangani anazijua bila kufungua simu.

Katika boti kuna vitu vya kuuliza kwa macho. Mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza uko wapi, na una kitu ndani? Maboya yanatosha watu wote, likiwemo dogo la mtoto? Nani anahesabu watu kabla ya injini kuwashwa? Chumba cha mgandamizo cha kutibia wazamiaji kilicho karibu ni kipi, na mgonjwa hufikishwaje? Anayeona maswali haya ni usumbufu amekwisha kujibu. Ukivuka kwenda Pemba kwa meli, idadi ya abiria ni jambo la kulitazama kwa macho yako mwenyewe. Ajali ya MV Spice Islander I, iliyozama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, iliua mamia ya watu.

Chini ya maji, mzazi na mtoto hukosana kwa ishara ndogo. Baba anafurahi kumwona binti yake ametulia, anamnyooshea dole gumba kumpongeza. Kwa wazamiaji dole gumba juu maana yake ni tupande juu, na binti mtiifu anaanza kupanda. Pongezi huonyeshwa kwa kukutanisha kidole cha shahada na gumba kuwa duara. Fanyeni mazoezi ya ishara hizo mezani nyumbani, jioni kadhaa kabla ya safari, pamoja na kanuni ya kupanda kusikozidi mita 9 kwa dakika na kusimama dakika 3 kwenye mita 5. Na hata kama cheti cha mzazi kinamruhusu kumwongoza mtoto peke yake, mzazi anayezamia mara moja kwa mwaka alipie mwongozaji. Yeye mwenyewe bado anahangaika na mkanda wake wa uzito. Macho ya ziada yanahitajika. Mwenye mafua asizame, maana masikio yasiposawazika hata mita 3 huumiza, na mwenye pumu amwone daktari mapema, angali Same.

Dalili za mapovu zinaweza kuchelewa hadi familia imekwisha kufika nyumbani: maumivu ya bega au goti yasiyo na sababu, ganzi, vipele vya michoro ya zambarau, kizunguzungu, uchovu usioelezeka. Kijana akilalamika hivyo ndani ya siku moja au mbili, asipandishwe kijijini eti akapumzike kwenye baridi. Apelekwe hospitali apewe oksijeni, na daktari aambiwe moja kwa moja kwamba mgonjwa alizamia baharini, lini, kina gani na mara ngapi. Daktari wa Same huona malaria na ajali za pikipiki kila siku, na hatafikiria bahari asipoambiwa. Andikeni saa na vina vyote kwenye daftari dogo boti ikiwa bado njiani kurudi ufukweni, na daftari hilo likae kwenye begi la mkononi hadi juma lipite.