Sarafu Moja, Bili Tofauti

Agosti 2022, Estonia na Ufaransa zilikuwa na sarafu ileile, euro, na riba zao zilipangwa na benki kuu ileile iliyoko Frankfurt. Hata hivyo, mfumuko wa bei kwa mwaka ulikuwa asilimia 25.2 Estonia, na 6.6 Ufaransa. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya gesi, na kwa hiyo ya umeme, kwa wote. Tofauti kubwa ilikuwa hii: nani alisimama kati ya soko na bili ya nyumbani.

Estonia, kaya nyingi zilikuwa na mikataba inayofuata bei ya soko la umeme saa kwa saa. Jioni ya Agosti 17, kwa saa moja, umeme uliuzwa sokoni kwa euro 4,000 kwa megawati-saa. Hiyo ni euro 4 kwa uniti moja, na kuwasha mashine ya kufulia kukawa jambo la kupigia hesabu.

Ufaransa serikali ilijitwisha mzigo. Bei elekezi ya umeme iliruhusiwa kupanda asilimia 4 tu mwaka 2022, kisha 15 mapema mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ya pengo ikazibwa na hazina, na alichookoa mlaji kwenye bili, mlipakodi akakibeba kama deni.

Hungary, isiyotumia euro, ilijaribu amri. Kuanzia Februari 2022, sukari, unga, maziwa na mafuta ya alizeti viliuzwa kwa bei ya Oktoba 2021. Wenye maduka, kwa kuumia kwenye sukari, wakafidia kwenye bidhaa zisizo na ukomo wa bei. Kufikia Desemba, bei za vyakula zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya mwaka.

Benki Kuu ya Ulaya, ile ya Frankfurt, nayo ilipandisha riba mara kumi, kati ya Julai 2022 na Septemba 2023, kutoka chini ya sifuri hadi asilimia 4. Mfumuko katika nchi za euro, uliofikia asilimia 10.6 Oktoba 2022, ukashuka hadi 2.9 mwaka mmoja baadaye.

Lakini kushuka kwa mfumuko si kushuka kwa bei. Kapu lililonunuliwa kwa euro 100 Oktoba 2021 liligharimu 110.6 mwaka uliofuata, kisha karibu 114. Mtakwimu anaulinganisha mwaka huu na uliopita; mama mwenye kapu bado anakumbuka ile mia.