Usimcheke Mtoto Anayejifunza Kiingereza

Jioni moja binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameingia kidato cha kwanza, alirudi nyumbani akaketi jikoni kimya. Nilipombembeleza alisema kwamba alimwomba mwenzake rula kwa kusema, "Borrow me your ruler." Wale waliosoma shule za msingi za Kiingereza wakamcheka. Tangu hapo hakuinua mkono darasani. Nami nilikumbuka kwa aibu kwamba hata nyumbani tulizoea kumcheka.

Akina mama, mtoto huyu si mjinga. Kiswahili chake ni safi mno! Sisi tuna neno moja, kuazima: mimi naazima kwako, nawe waniazima. Mwingereza ana mawili: anayepokea hu-"borrow", anayetoa hu-"lend". Basi angesema, "Lend me your ruler."

Ndivyo ilivyo kwa mengi. Sisi husikia njaa, baridi na hata harufu, lakini Mwingereza husikia kwa sikio tu, akiwa na njaa husema, "I am hungry." Dawa tunakunywa, ijapokuwa ni vidonge, yeye husema "take medicine". Mvua kubwa kwake ni "heavy rain", na chai iliyokolea ni "strong tea". Kwa nini mvua iwe nzito na chai iwe na nguvu? Usiulize. Sisi nasi tunapiga pasi, tunapiga deki na kupiga picha, wala hakuna anayeumia.

Kwa hiyo kumkaririsha mtoto neno moja moja hakutoshi. Na aandike daftarini maneno yanayokwenda pamoja: si "medicine" peke yake, bali "take medicine", si "mistake", bali "make a mistake". Ukipata fedha ya kamusi, chagua ile ya wanaojifunza Kiingereza, yenye sentensi za mfano. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, aliona shida hii kwa wanafunzi wake. Kamusi aliyoiandaa na wenzake ilitoka Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaichapisha tena mwaka 1948. Matoleo yake mapya yangali yanauzwa.

Kusahihisha nako kuna namna yake. Mtoto akisema, "My father, she is late," usimkatize. Kwetu baba na mama wote ni "yeye", basi huchanganya. Mwache amalize, kisha mjibu kwa upole, "Yes, he is late today." Atasikia. Ukimsimamisha kila neno atachagua kunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi kusema.

Labda wewe mwenyewe hujui Kiingereza. Mwambie akusomee kwa sauti unapochambua mchicha, kisha akueleze kwa Kiswahili. Mimi nilifanya hivyo, maana changu kilikuwa kimeota kutu, na nadhani kuwa mwalimu wangu kulimpa moyo kuliko masahihisho yote.

Darasani bado haongei sana, ila sasa huinua mkono. Juma lililopita nilikuwa naelekea kwa jirani kuazima kinu, akaniita kutoka dirishani: "Mama, usiende kumwambia 'borrow me'!" Jirani mwenyewe hajui hata neno moja la Kiingereza. Tulicheka sote, yeye akiwa wa kwanza.