Mshipi Huchaguliwa kwa Mto

Alikuwepo mvulana wa Madogo, pale ng'ambo ya daraja la Garissa, aliyetamani sana kuvua kambare katika mto Tana. Siku moja akavuka daraja na vijisenti vyake, akaingia sokoni, akanunua roli ya mshipi wa nailoni mwembamba kuliko yote iliyokuwa dukani, maana alikuwa amesikia kwamba uzi mwembamba samaki hauoni. Jioni kambare akala chambo, akavuta mara moja tu, mshipi ukakatika. Ndoana ikaenda, chubwi ikaenda, na kambare naye akaenda zake.

Alipopata pesa tena akanunua mshipi mnene kuliko yote. Huo ulikuwa mgumu, unajikunja mapete mapete kila ukiachiliwa. Akiurusha, chubwi inaanguka karibu na ukingo. Siku nzima hakupata hata dagaa. Ndipo alipomwendea babu yake, mvuvi wa siku nyingi.

"Asalaam aleikum, babu."

"Waaleikum salaam, mjukuu wangu. Mbona umenuna hivyo?"

"Babu, mshipi mwembamba umekatika, na mnene haufiki kwenye samaki. Sasa ninunue upi?"

"Wewe ulichagua mshipi kwa tamaa," mzee akamjibu. "Mshipi huchaguliwa kwa mto kwanza, kwa samaki baadaye, na mwisho kwa mkono utakaoushika. Kaa hapa tuanze na mto."

Vijana wangu, nanyi kaeni mkao wa kusikiliza, maana maneno ya mzee huyu yana faida.

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya. Unashuka kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unapita kwenye mabwawa ya umeme, unaingia nchi kavu ya Garissa, kisha unaelekea kusini hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Njia yote hiyo, ya kilomita 1,000 hivi, unabeba udongo. Ndiyo maana maji yake Garissa ni ya rangi ya kahawia, na huwezi kuona mkono wako ukiuzamisha hadi kwenye kiwiko. Basi ile hofu kwamba samaki ataona uzi, hapa haina uzito. Uzi mwembamba usioonekana una faida kwenye maji maangavu. Kwenye tope la Tana, mvuvi anayejinyima nguvu ili afiche uzi anapata hasara bure.

Tena tazameni yaliyoko chini ya maji hayo. Mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalikata barabara kati ya Garissa na Madogo, watu wakahama makwao. Mto unapofurika hivyo, hung'oa miti kwenye kingo na kuizamisha mbele ya safari. Kuna visiki, kuna mizizi, kuna matawi ya mti wa mathenge yenye miiba migumu. Uzi wa mvuvi unaburuzwa juu ya hayo yote. Hukatika kwa kukwaruzwa kabla haujakatika kwa kuvutwa. Uzi mnene kidogo una nyama ya kukwaruzwa na bado ukabaki na nguvu.

Sasa tuutazame uzi wenyewe. Zamani watu walivua kwa nyuzi za pamba, za kitani, za hariri, na nyingine zilizosokotwa kwa magome na majani ya miti. Nyuzi hizo zilioza zisipokaushwa baada ya kila uvuvi. Mwaka 1935, mwanakemia wa Marekani aliyeitwa Wallace Carothers, akiwa na wenzake katika kampuni ya DuPont, alifanikiwa kutengeneza nailoni. Miaka michache baadaye nailoni ikaanza kutumika kwa mishipi. Huyeyushwa kwa moto, husukumwa kupitia tundu dogo, kisha huvutwa hadi irefuke na kukaza. Kinachotoka ni uzi mmoja mzima, usiosokotwa, na ndio huo mnaouona madukani.

Shikeni roli moja msome karatasi yake. Mtakuta namba mbili: kipenyo kwa milimita, na uzito ambao uzi unaweza kuuhimili kwa kilo. Uzi wa milimita 0.35, kwa mfano, mara nyingi huandikiwa kilo 8 hivi, ingawa hutofautiana kwa mtengenezaji. Hapa pana hesabu nzuri ya kupeleka darasani. Ukiongeza kipenyo maradufu, kutoka milimita 0.20 hadi 0.40, nguvu haizidi mara mbili. Inakaribia kuzidi mara nne, kwa sababu nguvu hufuata eneo la duara la uzi, na eneo hilo hukua kwa kipeo cha pili. Kwa hiyo huna haja ya kuruka kutoka uzi mwembamba kabisa hadi ule mnene kabisa. Hatua ndogo ya kipenyo inakupa nguvu nyingi.

Nailoni ina tabia nyingine tatu. Kwanza, huvutika. Samaki akishtuka na kukimbia ghafla, uzi hurefuka kidogo na kupunguza mshtuko, ndoana isimchane mdomo. Pili, hunywa maji kidogo, na ikilowa hupungua nguvu kiasi. Tatu, jua huila. Garissa ni nchi ya joto kali, na roli iliyoachwa juani miezi kadhaa huharibika hata kama haijawahi kutumika. Ukinunua, chagua iliyowekwa kivulini. Ukifika nyumbani, iweke mahali pa baridi pasipo na mwanga.

Mjukuu akauliza, "Na samaki je, babu?"

Mzee akamweleza kwamba kambare hukaa chini, kwenye tope. Anaweza kuzidi urefu wa mita 1, na huvumilia maji yenye hewa kidogo kwa sababu ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Mdomoni ana vijino vidogo vidogo vilivyosongamana, navyo hukwaruza uzi ulio karibu na ndoana. Anavutiwa na minyoo na utumbo wa kuku. Kwake yeye, kwa mshipi wa mkononi, anza na milimita 0.50. Ngege ni mdogo na mdomo wake ni mwembamba; kwake milimita 0.25 inatosha.

Huko juu mtoni, katika Bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981, yuko samaki mgeni aitwaye kapi. Asili yake ni Asia na Ulaya, akaletwa na watu. Kapi hana meno mdomoni, meno yake yako kooni, kwa hiyo mdomo wake hauukati uzi. Hatari iko mgongoni: mwiba mgumu wa mbele wa pezi lake una meno kama msumeno, na uzi ukipita hapo huku samaki akijigeuza, unakatwa. Mvuvi wa kapi hutumia fimbo na uzi wa milimita 0.35 hivi, usio mgumu sana ili ulale vizuri chini, maana kapi hula kwa uangalifu na kukitema chambo akihisi kitu kigeni.

Hapo ndipo mkono unapoingia. Anayetumia fimbo anasaidiwa na fimbo inayopinda, basi uzi mwembamba kiasi unamfaa. Anayevua kwa mkono mtupu asikubali uzi mwembamba. Kambare akivuta kwa nguvu, uzi huo hukata vidole vya mvuvi. Wala usiuzungushe mkononi hata mara moja.

Baada ya kuchagua, funga fundo sawasawa, maana uzi mzuri hufa kwa fundo baya. Pitisha ncha ya uzi kwenye tundu la ndoana, izungushe juu ya uzi wenyewe mara 5 au 6, kisha irudishe kupitia kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu. Kabla hujakaza, lilowanishe fundo kwa maji. Kavu likikazwa huchomeka kwa msuguano na kudhoofika. Lilowane, livutwe polepole mpaka mizunguko ilale sambamba, ndipo ukate ncha. Na kila baada ya kuvua, pitisha mita chache za mwisho katikati ya kucha zako mbili. Ukihisi mkwaruzo, kata sehemu hiyo na ufunge upya.

Lipo pia jambo la sheria. Uzi huu huu ukifumwa kuwa wavu, ni marufuku kuvulia nchini Kenya. Wavu wa nailoni ya uzi mmoja hauonekani majini, hunasa wakubwa na wadogo, na ukipotea mtoni huendelea kuua bila mwenyewe kuwepo. Mshipi wenye ndoana moja ni tofauti: unamchukua samaki mmoja, na ukimpata mchanga unamrudisha. Hata hivyo kipande cha mshipi kilichotupwa hakiozi upesi. Humfunga ndege miguu, na mbuzi akikimeza pamoja na majani huumia tumboni. Vipande vyote vikusanye urudi navyo nyumbani.

Nanyi vijana mnaoishi karibu na Tana, mto huu una mamba na viboko. Ndoana ikinasa kwenye kisiki, kata mshipi uiache huko. Msiingie majini kuifuata. Nendeni na mtu mzima, simameni juu ya ukingo, na msivue gizani. Mkifika dukani, ombeni kuona karatasi ya roli, someni kipenyo na kilo, kisha nunueni ule unaofaa mto wenu, samaki wenu na mikono yenu. Ndoana huuzwa kila siku. Uhai hauuzwi popote.